Bakuli la Uji wa Njombe

Mimi nina hasira za karibu, na heri niliseme mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani nimemkasirikia yeye. Kwa hiyo nikikuambia niliwahi kukosana na jirani kwa sababu ya bakuli, usishangae. Cha kushangaza ni kwamba nilikosana naye miezi miwili mizima bila mimi mwenyewe kujua.

Nilihamishiwa Kibiti kufundisha shule ya msingi, upande wa Mtawanya, nikitokea Njombe. Mtu wa Njombe akishushwa pwani mwezi wa kumi na moja ni wa kuhurumiwa. Kwetu nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, na maji ya kunawa uso tunayapasha moto. Huku nililala nimelowa jasho, nikaamka nimelowa jasho, nikaandika ubaoni chaki inaniteleza. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa friji la mtumba lenye friza juu. Kitanda kilisubiri. Walimu wenzangu walicheka wee mpaka wakachoka, na mimi nikalala sakafuni kwenye godoro, friji linanguruma pembeni, na sikujuta hata siku moja.

Baraza yangu ilitazamana na ya bibi mmoja mjane, Mndengereko mzaliwa wa Mkongo, mwembamba, mwenye miembe mitatu mbele ya nyumba na kishamba cha kunde nyuma. Wiki yangu ya kwanza alivuka uwanja na bakuli la bati la buluu, lenye ua jekundu kwa ndani na kovu jeusi ukingoni, pale rangi ilipobanduka. Ndani yake mlikuwa na mihogo ya nazi na kipande cha samaki juu.

"Mgeni hajui pa kununua nazi," alisema, akaniachia.

Nilikula mpaka nikaramba vidole. Halafu nikafanya kama nilivyolelewa. Kwetu chombo cha mtu kinarudi kisafi, basi. Nililisugua kwa sabuni na majivu mpaka lile ua likang'aa, nikavuka uwanja, nikampa kwa mikono miwili na goti nikalikunja kidogo. "Ahsante sana, bibi." Akalipokea, akachungulia ndani. Akachungulia tena, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akaingia zake.

Tangu siku hiyo shikamoo yangu ikawa inajibiwa kwa marahaba fupi, kavu, bila "za kuamka" wala "umelalaje". Nami nani kaniambia ninyamaze? Nikaanza kusema shuleni kwamba watu wa pwani wana maringo, wanakukaribisha leo na kesho hawakujui. Niliyasema hayo mbele ya mwalimu mwenzangu, binti wa Nyamwage, ambaye alikuwa akinywa chai. Akaniuliza imekuwaje. Nikamweleza habari ya mihogo na bakuli.

"Ulilirudisha na nini?" akauliza.

"Na nini vipi? Na shukrani."

"Nauliza ndani, mlikuwa na nini?"

"Lilikuwa safi!"

Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, umechemka! Huku bakuli halirudi tupu. Tia hata chumvi kiganja, hata ndimu mbili. Ukilirudisha tupu umemwambia mwenzio: tumemalizana, usiniletee tena. Mkono mtupu haulambwi, hujapata kusikia?"

"Sasa kwa nini asiniambie mwenyewe?"

"Akwambie nini? Akuombe?"

Nilijibu kwa ukali, lakini uso uliniwaka. Jioni ile nilichemsha viazi mviringo vilivyotoka nyumbani, nikavipanga kwenye sahani yangu, nikavipeleka. Bibi alifungua, akaangalia vile viazi vyeupe visivyo na nazi, visivyo na chochote, akaniangalia na mimi, akatabasamu. Sahani ilirudi kesho yake na maembe sita. Siku ya tatu likaja bakuli la buluu lenyewe, limejaa kunde za nazi. Nilifurahi kama mtoto aliyesamehewa. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Maana lile bakuli sasa lilikuwa kwangu, na nitie nini? Nilipika makande, nikayachemsha tangu asubuhi. Bibi alitafuna kwa adabu, akasema, "Hiki chakula cha watu wenye meno, mwanangu." Nikajaribu maharage, akaniuliza kama nazi zimeadimika mjini. Maembe nisingempelekea, mtu mwenye miembe mitatu. Msimu ule maembe yalikuwa yanaoza chini, mbuzi wenyewe wameyachoka. Nilikaa barazani nimekasirika, nikiyatazama yanavyodondoka, na kichwani nikipanga: huyu bibi kila kitu anacho, kila kitu anajua kukipika kunishinda mimi. Hana kitu kimoja tu. Hana baridi.

Baridi nilikuwa nayo mimi, kwenye friji.

Mara ya kwanza niliharibu, tena vibaya. Nilikata maembe mapande makubwa, nikayagandisha kwa pamoja kwenye kopo, yakatoka jiwe moja. Nikalipigapiga kwa mwiko, nikalitupia kwenye blenda. Blenda ililia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikatukana kwa Kibena, lugha ambayo jirani haijui, nashukuru Mungu. Ilipotengenezwa nikarudia, na maembe ya kienyeji, nyuzi zikajisokota kwenye visu kama nywele kwenye kitana. Nikajifunza. Utumie embe dodo lililoiva barabara. Ukate vipande vidogo, uvitandaze kwenye sinia visigusane, vikishaganda ndipo uvitie kwenye kopo. Utafute na ndizi kisukari zilizoiva mpaka zina madoadoa, nazo ugandishe, maana ndizi ndiyo inayoleta ulaini. Ukitaka kusaga, uvitoe kwanza vipumzike mezani kidogo, kisha usage kidogo kidogo, unazima, unakoroga, unawasha tena. Mwanzo vinakuwa kama unga, unakata tamaa. Ghafla vinashikana, vinakuwa laini, vinazunguka taratibu. Hapo uzime haraka uwahi kupakua.

Nilivuka uwanja nusu nikikimbia, jua linanikimbiza na mimi. Bibi akachota kijiko, akatia mdomoni, macho yakamtoka.

"Yarabi! Mwalimu, meno yangu!" Akashika shavu. Kisha akachota tena. "Nini hiki?"

"Aiskrimu laini, bibi. Ya embe."

"Aiskrimu nazijua mimi. Ile ya kwenye koni, ya stendi. Huu ni uji."

"Siyo uji, bibi."

"Uji huu. Uji wa kwenu Njombe, si ndiko kwenye baridi?"

Nilijitahidi kumweleza kwamba Njombe mtu akikuletea kitu kilichoganda saa moja asubuhi utamfukuza kwa kuni. Alitikisa kichwa kwa upole, kama anamsikiliza mtu anayekana kabila lake. Ukawa uji wa Njombe tangu siku hiyo, na mtaa mzima ukauita hivyo. Akamaliza bakuli, akafuta mdomo kwa upindo wa kanga, akasema, "Mzuri. Ila hauna nazi."

Niliudhika kweli. Lakini safari iliyofuata nilitia vijiko viwili vya tui zito, na haki ya Mungu bibi alikuwa sahihi. Ukawa laini zaidi, ukaacha kukwaruza ulimi.

Basi lile bakuli likatembea. Miaka miwili lilivuka uwanja, likienda na embe, nanasi, papai lenye ndimu, stafeli nililolichambua mbegu mpaka macho yakauma. Likirudi na kunde, kisamvu, wali wa nazi, vitumbua vya Idi. Lilikuwa lake, lakini mwisho hakuna aliyejua ni la nani. Hatukuwahi kulizungumzia hata mara moja. Nilipougua malaria lilikuja na mtori ulionitoa jasho, na nilipopata nguvu nilijikokota nikasaga ndizi, ili tu lisirudi hivihivi.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, asubuhi moja sikusikia ufagio wake. Bibi yule alikuwa akifagia uwanja kabla ya jua, kila siku. Nikavuka, nikapiga hodi mara tatu, nikasukuma mlango. Alikuwa mkekani, mdomo umevutwa upande mmoja, macho yananitazama.

Alikaa hospitali, akarudi. Mkono na mguu wa kulia havikurudi. Maneno yalitoka mazito, nusu nusu. Binti yake akaja kutoka Ikwiriri kumuuguza, dada wa makamo yangu, mpole, mchapakazi. Alimpikia uji wa mchele mwepesi, na kila kijiko kikileta kikohozi, machozi yakimtoka bibi, uji ukitokea puani. Akaanza kubana meno akiona kijiko. Wiki moja tu, mkono wake ukawa mwembamba hivi kwamba bangili ilipanda mpaka kwenye kiwiko.

Muuguzi alipokuja kumtazama alituambia wazi. Vitu vya majimaji vinapita njia isiyo yake. Apewe vitu laini vilivyoshikana, akae wima, kijiko kidogo, tusubiri ameze ndipo tumpe kingine. "Na ale," akasema, akatutazama wote wawili. "Asipokula hatutakuwa naye muda mrefu."

Maembe yalikuwa yamekwisha mitini, lakini friza yangu ilikuwa na makopo matatu. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilisaga dodo na kisukari na tui, nikapakua kwenye bakuli la buluu ambalo lilikuwa kwangu tangu kabla hajaanguka. Mlangoni binti yake akanizuia.

"Mwalimu, baridi? Mama kapigwa na upepo, wewe unamletea baridi?"

"Upepo gani?" nikapayuka. "Mama yako anakufa njaa, sisi tunabishana habari za upepo! Muuguzi si alikwambia au masikio umeyaacha Ikwiriri?"

Nilisema hivyo. Kwa mwanamke aliyekuwa hajalala siku ngapi, nyumbani kwa mama yake. Naona haya mpaka leo. Ndipo tukasikia ndani kitanda kinapigwa. Pa, pa. Bibi alikuwa anakipiga kwa mkono wa kushoto.

"U...ji," akasema. Tukatazamana. "Uji. Njo...mbe."

Tulimkalisha wima, mito mgongoni. Nilimpa nusu kijiko, nikasubiri, nikilitazama koo lake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Likapanda, likashuka. Hakukohoa. Nikampa tena. Alikula theluthi mbili za bakuli, na binti yake akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Mimi nikamwambia aache kelele, na mimi mwenyewe nalia. Kisha nikamwomba msamaha. Akasema, "Yamepita, mwalimu," akachukua bakuli, akaliosha, akalifuta kwa kanga yake, akanirudishia mkononi.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Nilikuwa napeleka alfajiri kabla ya shule, anakula, bakuli linaoshwa, ninaondoka nalo. Shuleni niliimba. Wanafunzi wakaniogopa.

Siku ya nne bibi akafunga mdomo.

Siyo kwamba alishindwa kumeza. Alifunga tu, akageuza uso ukutani. Nikabembeleza, nikatania, nikamwambia tui nimelizidisha. Wapi! Siku ya tano nikapeleka papai, akafumba na macho. Binti yake akajaribu, mimi nikajaribu, uji ukayeyuka ndani ya bakuli mbele yetu. Nikamvuta yule dada nje.

"Umemtisha na mambo yako ya upepo."

"Wallahi, mwalimu, sijamwambia neno. Toka siku ile sijasema kitu."

Sikumwamini. Siku ya sita nikaenda na stafeli, tunda alilolipenda kuliko yote. Akakataa. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda nimeishiwa, naitazama ile bangili kwenye kiwiko. Nikawaza kwamba basi, ameamua, na mtu akiamua nani atamfungua meno? Nikainuka niondoke. Binti yake akawamwagia kuku ule uji ulioyeyuka, akasuuza bakuli, akalifuta vizuri mpaka ua likang'aa, akaninyooshea.

Ndipo nikamwona bibi. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Hakunitazama mimi, wala binti yake. Alikuwa anatazama ndani ya bakuli, shingo ameinyoosha kidogo, anachungulia. Nilishawahi kuona uso ule. Nilikuwa nimesimama barazani kwake, mgeni, nimekunja goti, najisifu moyoni kwa usafi wangu.

Mungu wangu. Tulikuwa tumelirudisha tupu. Siku tatu mfululizo, mbele ya macho yake, kutoka nyumbani kwake, bakuli linatoka tupu, na yeye amelala pale hawezi hata kunyanyuka akachuma ndimu. Hakuwa amekataa embe. Alikuwa anaona aibu. Mtu aliyewapa watu maisha yake yote, leo analishwa kwa kijiko na hana hata chumvi kiganja ya kurudishia.

Nilitaka kumwambia, "Bibi, usijali, wewe ni mgonjwa." Neno lilifika ulimini nikalimeza. Watu husema kutoa ni moyo, wala si utajiri, na ni kweli, ila anayetoa ndiye anayelisema kwa raha. Nikimwambia usijali, nimemwambia kwamba yeye amekwisha, hatuna tena cha kutegemea kwake. Hilo bakuli lingekuwa tupu kuliko yote.

Kwa hiyo nikatumia kitu pekee ambacho Mungu alinijalia kwa wingi. Nikaweka mkono kiunoni, nikakunja uso.

"Bibi," nikasema, "mimi nimechoka. Naleta uji kila siku, narudishiwa bakuli tupu. Nyumba hii siku hizi haina adabu? Au mmesahau mila zenu mpaka mtu wa Njombe aje awafundishe? Kesho naleta tena. Nitaliacha hapahapa. Na likirudi, lisirudi tupu!"

"Astaghfirullah!" Binti yake alishika kichwa. "Mwalimu! Mgonjwa huyu? Mgonjwa unamdai?"

Bibi akatoa sauti. Tulidhani amepaliwa, tukamkimbilia wote. Alikuwa anacheka. Nusu ya uso inacheka, nusu imelala, mabega yanatikisika. Akanyanyua mkono wa kushoto, akamwonyesha binti yake mlango wa nyuma, kule kwenye kishamba.

Kesho yake alikula bakuli zima. Niliacha bakuli kwenye kigoda kando ya kitanda, nikaenda shuleni, nikafundisha sijui nini.

Jioni nikiwa barazani nasahihisha madaftari, binti yake akavuka uwanja, ameshika bakuli kwa mikono miwili, limefunikwa kawa.

"Kanituma nikachume kunde," akasema. "Nikamchumia, nikakaa nimenye. Kanipiga kofi la mkono. Kakataa katakata nisimsaidie. Toka ulipoondoka asubuhi, mwalimu. Anabana ganda kwa meno, anavuta kwa mkono wake mmoja. Inadondoka, anaitafuta kwenye shuka. Kalala, kaamka, kaendelea."

Nikafunua kawa. Juu ya lile ua jekundu kulikuwa na kunde mbichi. Nilizihesabu kwa sababu zilihesabika. Zilikuwa kumi na tisa. Baadhi zilikuwa na alama za meno.

Nikapokea bakuli. Dada akarudi kwa mama yake.

Nilikuna nazi nzima. Nikazichemsha zile kunde kwenye sufuria yangu ndogo kuliko zote, nikatia chumvi, nikatia tui, nikakoroga taratibu zisipondeke, kama ninapikia wageni. Nikaketi mezani nikazila moja moja kwa kijiko. Kisha nikalisugua bakuli, nikatoa kopo la maembe kwenye friza nione yamebaki kiasi gani.

Alfajiri nilimkuta amekwishakalishwa wima, kanga safi kichwani. Nikachota kijiko cha kwanza, nikakisogeza. Mdomo ukabaki umefungwa. Alikuwa ananitazama usoni, anatafuta neno, analitoa kipande kwa kipande.

"Me...shiba?"

"Nimeshiba, bibi," nikamwambia. "Nimeshiba kabisa."

Akafungua mdomo.